Kipa Isidori Anastaafu ili Abembelezwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka. Magoti yamechoka kuliko mimi. Leo mazoezini Bakili, kipa mpya wa timu ya taifa ya mpira wa magongo, kaniamkia "Shikamoo" mbele ya wote. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje? Mimi, niliyelinda lango la nchi hii Harare na Lusaka! Safari ya mashindano ya Accra imekaribia na timu haijatajwa. Lazima nitumie akili.

Jumanne, 4 Juni

Nimeipata! Nilikuwa dukani kwa Dada Jovitha, hapa Kariakoo, nampimia mteja zipu. Nitatangaza kustaafu. Watashtuka, watanibembeleza. Nitakataa kidogo, halafu nitakubali kwa ajili ya taifa. Dada kasema niache ujinga, nimwombe tu kocha nafasi. Dada anauza vifungo. Anajua nini kuhusu mioyo ya watu?

Mteja karudi. Zipu fupi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetangaza, mazoezini, mbele ya timu nzima. Sauti ilitetemeka vizuri. Niliifanyia mazoezi bafuni. Nikasubiri vilio.

Wakapiga makofi! Nahodha Marcelino kanikumbatia, kasema nimefanya la busara, mzee wetu. Mzee! Kocha Theopista peke yake hakupiga. Kaniuliza kama nina uhakika. Huyu sasa ndiye wa kunibembeleza! Nikamjibu, "Uhakika kabisa, Kocha," ili aombe zaidi.

Hakuomba zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Sherehe ya kuniaga, uani kwa Marcelino, Magomeni. Pilau na soda. Mpango: hotuba inaniliza, natengua uamuzi papo hapo. Lakini Bakili kaanza kulia yeye. Kasema aliingia golini kwa sababu aliniona mimi nikidaka, na sasa anaenda Accra na padi za miguuni zilizochanika. Sijui nilipatwa na nini. Nikamvalisha zangu, nilizozileta kuzionyesha kwenye hotuba, mwenyewe, nimepiga magoti! Watu wakashangilia. Kunyanyuka ikabidi nishikwe mkono.

Baadaye Kocha kanivuta pembeni. "Isidori, Accra nilikupanga wewe," kasema. "Bakili bado mechi kubwa zinamtisha. Ila ulisema una uhakika, na majina nimeshapeleka."

Nikasema ahaa. Nikarudi kwenye pilau. Sikusikia ladha yoyote.

Ijumaa, 21 Juni

Tumeshinda Accra! Nimeangalia kwa simu, dukani. Bakili kazuia kona ya penalti, pigo la adhabu linalotisha kipa kuliko yote, dakika ya mwisho, kwa mguu wa kushoto, kwa padi yangu. Hakutishika hata kidogo. Nilipiga ukelele, Dada akadhani tumevamiwa na wezi. Halafu nikajificha nyuma ya mabunda ya vitambaa nikalia. Kwa furaha. Nusu kwa furaha.

Jumatano, 26 Juni

Marcelino kapita dukani. Kasema Kocha ananitaka niwe mwalimu wa makipa, atanipigia leo. Nitasafiri na timu, nitavaa jezi ya taifa, na magoti yatapumzika. Sijawahi kutaka kitu namna hii maishani. Dada kasema nipokee, niseme ndiyo, basi.

Simu inaita. Ni Kocha. Nimeiweka juu ya kaunta, naitazama ikitetemeka. Anayekubali haraka haraka hathaminiwi.

Imekata.

Atapiga tena.