Malalamiko Kuhusu Kuku Wangu Mwenye Mwavuli Kuonekana Kawangware

Laini Saba, Kibera,
Machi 2008.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Hakimiliki,
Soko Dirishani (la mtandaoni),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: KUKU WANGU

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba huko ofisini kwenu madirisha bado yana vioo. Mimi ni Ndunge Mulei, fundi wa cherehani hapa Laini Saba, kando ya reli. Nina duka katika soko lenu, au tuseme nilikuwa nalo. Nilikuwa nikiuza aproni zenye picha ya kuku aliyeshika mwavuli, picha niliyoichora mwenyewe na kuidarizi kwa mkono. Wiki iliyopita, saiba ya hapa kwetu, yenye kompyuta za mtandao, ilipofunguliwa tena, nilienda kutazama duka langu nikakuta mmelifunga kwa maneno haya: "Bidhaa hii ina mgogoro wa hakimiliki. Mwenye duka hakujibu." Na papo hapo nikaona duka lingine, la Wagaki wa Kabiro, Kawangware, linauza aproni zenye kuku yuleyule na mwavuli uleule, nalo liko wazi kama mlango wa kanisa Jumapili.

Kwa kuwa mimi ni mtu mpole, nimeamua kulalamika kwa mpangilio.

1. Kuku ni wangu. Mwaka jana, mvua za Novemba zikinyesha, kuku wa jirani yangu Lusweti aliingia chini ya mwavuli wangu nikiwa nimesimama nje ya kibanda changu, akatulia hapo kama mpangaji aliyelipa kodi. Nilicheka mpaka wateja wakanishangaa, na siku hiyohiyo nikamchora. Wagaki hakuwepo. Mvua ilikuwa ya Laini Saba, si ya Kabiro.

2. Wagaki hawezi kusema hakujua. Tulijifunza ushonaji pamoja katika darasa la akina mama la kanisa, kule Kabiro, tukigawana cherehani moja: yeye anakanyaga, mimi naongoza kitambaa. Nilipomaliza kuku wa kwanza, ni yeye niliyemwonyesha. Alisema, "Ndunge, huyu kuku ana maringo kama wewe." Nilidhani ananisifu. Sasa naona alikuwa anachukua vipimo.

3. Mnasema sikujibu. Ningejibu kwa njia gani, Mheshimiwa? Mliniandikia barua pepe mwezi wa Januari. Januari hapa kwetu, kwa zile fujo za baada ya uchaguzi, reli ilikuwa imeng'olewa, Oyoo mwenye saiba alikuwa amefunga mlango na kupanga magunia nyuma yake, na kredo ya simu ilikuwa ikitafutwa kama sukari. Hata simu yenyewe sikuwa nayo. Siku tuliyokimbilia kwenye ukumbi wa kanisa mikono yangu ilitosha kitu kimoja tu, nikabeba cherehani. Simu ikaponyoka mfukoni ikaingia mtaroni. Siku hizo vijana walikuwa wakisimamisha watu barabarani na kuwauliza jina la pili wajue kabila, na nyinyi mnaniuliza jina la duka! Lakini siwalaumu sana. Huenda ofisini kwenu Januari ilikuwa Januari tu.

4. Ameiba hata kosa. Mguu wa kushoto wa kuku wangu una vidole vinne na wa kulia una vitatu, kwa sababu uzi wa manjano uliniishia. Kuku wa Wagaki naye ana vinne na vitatu. Uzi wake haukumwishia! Mtu akinakili uzuri wa kazi yangu naweza kusema amevutiwa. Lakini kosa hili nililifanya mimi, kwa jasho langu, na sijampa mtu yeyote ruhusa ya kulirudia.

5. Wateja wake wanafurahi. Mmoja wa Malindi ameandika kwamba akivaa aproni hiyo hata ugali anausonga kwa raha. Raha hiyo ni yangu. Naomba irudishwe, au Wagaki aagizwe kuwaambia wateja wake wafurahi kwa kiasi mpaka kesi iishe.

6. Ushahidi. Mlitaka ushahidi wa asili ya picha. Nikaazima kuku wa Lusweti, nikambeba hadi saiba apigwe picha chini ya mwavuli. Oyoo akanikataza. "Mathe, hapa ni pa watu. Kuku akae nje." Nikamweleza kwamba huyu ni shahidi. Akasema, "Sawa, lakini shahidi asikanyage keyboard." Alikanyaga. Ile picha mliyoipata ikiwa na herufi nyingi za p badala ya maelezo ndiyo hiyo. Kisha Lusweti, ambaye alikuwa ametufuata, akamwona kuku wake kwenye kompyuta, akauliza, "Kumbe sura ya kuku wangu iko sokoni? Na mimi je?" Sasa anataka jina lake lidariziwe kwenye kila aproni, na amewafungia kuku wake wote ndani nisiwatazame.

Kwa hayo yote, naomba kwanza mnifungulie duka. Pili, mwondoeni kuku wa Wagaki. Kama kumwondoa kuku ni vigumu, ondoeni mwavuli peke yake, abaki akiloa hadharani mpaka mwenyewe aone aibu. Kama hilo nalo linashindikana, itangazwe kwamba hakuna kuku wa Kawangware atakayekaribia mwavuli bila kibali changu cha maandishi. Na mvua za mwezi huu zikianza Kabiro kabla ya kufika Laini Saba, nitahesabu kwamba nimedharauliwa makusudi, nami nitawaandikia watabiri wa hali ya hewa.

Nisalimieni wote hapo ofisini: wanaopokea malalamiko, wanaoyapoteza, yule anayeandika "Ndugu Mtumiaji" kila siku bila kuchoka, na mama anayewapikia chai.

Ni mimi mwenye kuku, niliyekasirika kwa heshima zote,

Ndunge Mulei
Fundi, Laini Saba

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu ifuatayo. Jana nilikuwa kwenye foleni ya saiba nikiwa nayo mkononi ichapwe, mtu akanishika bega. Alikuwa Wagaki. Alikuwa ametoka Kabiro kwa miguu, akiuliza kibanda kwa kibanda kama kuna anayemjua Ndunge wa cherehani. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, lakini alinitangulia. "Wewe! Uko hai na umenyamaza hivyo?" Halafu akalia palepale mbele ya watu, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kumbe alinipigia simu Januari nzima, bila kujua kwamba inalala mtaroni. Alijaribu kuja zaidi ya mara moja, akarudishwa njiani. Alipokosa njia, alimshona kuku wangu, akamweka sokoni kwenu. "Nilijua kama uko hai utaona nimekuibia," akaniambia. "Na wewe ukiibiwa huwezi kunyamaza." Mlipomuuliza, aliwajibu kwamba kuku ni wa Ndunge, na mkimpata mumwambie. Nyinyi mkafunga duka la Ndunge. Hata hivyo nawashukuru, maana juzi mlipompelekea ile picha ya ushahidi, aliutambua mwavuli wangu kwa kiraka chake, akavaa viatu akaja.

Kwa hivyo naomba mfute namba moja hadi sita, pamoja na maombi yote, likiwemo lile la mvua. Duka lake msiliguse. Langu lifungueni mkipata nafasi, tutauza kuku mmoja kwenye maduka mawili.

Limebaki jambo moja. Katika lile darasa la kanisa tulikuwa marafiki watatu. Waithira, ambaye alikuwa amepanga Gatwekera, hapahapa Kibera, alihama Januari na hakuna anayejua alikoelekea. Yeye hushona paka anayepiga pasi, na hapendi mtu amtazame paka huyo kwa muda mrefu, sembuse kumwiga. Leo asubuhi tumemweka paka wake kwenye duka la Wagaki. Tumemwiba waziwazi, na pasi tumeipaka rangi ya waridi, rangi ambayo Waithira hawezi kuivumilia kabisa. Tafadhali msimwondoe. Waithira akiwaandikia kulalamika, msimjibu kwa kanuni zenu. Mpeni namba yangu mpya, nimeiandika nyuma ya bahasha, na mwambieni aje atugombeze.