Nilivyookoka kwa Ajili ya Amplifaya

Jumatano, 8 Agosti 2007
Bendi yetu ina jina (Volkeno), ina nywele (zangu) na ina ngoma (za Jaydeep, ambaye baba yake ana duka la simiti na mabati). Haina amplifaya. Bila amplifaya, gitaa langu linashindwa na mbu. Shindano la bendi ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa mjini. Septemba Jaydeep anapelekwa Uingereza kusomea uhasibu, kwa hivyo ni sasa ama basi. Nakuru nzima siku hizi inarap. Roki ni sisi tu!

Amplifaya pekee ninayoijua hapa Kiamunyi iko kanisani kwa mama. Mlinzi wake ni Ngigi, mpiga kinanda, aliyeokoka akiwa darasa la pili na hajatuacha tusahau. Nimemwomba. Amesema chombo cha Bwana hakiguswi na mtu ambaye hajaokoka.

Sawa. Nitaokoka.

Jumapili, 12 Agosti
Nimeokoka! Nilienda mbele, mama akalia, pasta akanipa maikrofoni nishuhudie. Nikasema nilikuwa na kiburi. Hakuna amina. Ngigi akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama Bwana ameniokoa kutoka kwa hilo tu. Nikaongeza bangi. Amina chache. Nikaongeza wizi wa kuku. Amina kubwa! Nikanogewa. Kuku saba, nikasema, mmoja mmoja.

Jirani yetu Mama Wachuka akasimama. "Kumbe ni wewe! Kuku zangu zilikuwa saba!"

Sijawahi kuiba hata yai! Lakini utakanaje mbele ya kanisa zima, amplifaya ikiwa pale pale?

Jumanne, 14 Agosti
Hukumu: namjengea Mama Wachuka banda jipya la kuku. Mama naye amenikata nywele kwa makasi ya kushonea. Bendi sasa haina nywele. Jaydeep alileta mbao za banda, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama kweli Jumamosi tutapiga. Nikamwambia atulie. Ananiamini, na hilo linanitisha.

Lakini kwaya nimeingia. Amplifaya nimeigusa.

Ijumaa, 17 Agosti
Nimeitoa! Nilimwambia Ngigi inanguruma, naipeleka kwa fundi. Akanisifu kwa bidii yangu. Akauliza fundi yuko wapi. Nikajibu haraka: ukumbi wa mjini. Mdomo huu!

Jumapili, 19 Agosti
Jana. Ukumbi umejaa. Jaydeep akagonga fimbo, nikapiga gitaa, madirisha yakatetemeka. Kwa dakika moja nilikuwa yule mtu niliyetaka kuwa tangu utotoni.

Halafu wakaingia pasta, mama na kwaya nzima, na sare zao. Ngigi alikuwa amewaambia kwamba mimi, Ndugu Muturi, nimeandaa mkutano wa injili kwa vijana wa mjini. Kama ni ujinga ama ubaya, sitawahi kujua. Pasta akapanda jukwaani, akaomba utulivu, akanipa maikrofoni.

Nikatoa ushuhuda wa kuku. Watu walivunjika mbavu! Wakaitisha tena. Nikatoa tena, kuku wakawa kumi na wawili. Muda wetu ukaisha. Jaji akatuweka wa mwisho, akasema mchekeshaji ni mzuri ila bendi hakuisikia.

Jaydeep alifunga ngoma zake. Nje ndipo aliponiambia, "Msee, ungekataa tu. Ungepiga gitaa."

Ni kweli. Ningekataa. Lakini walikuwa wananipigia makofi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, roho inaniuma vibaya sana.

Jumatatu, 20 Agosti
Kanisa moja la Naivasha limempigia pasta simu. Wanamtaka kijana wa ushuhuda Jumamosi hii. Na wana amplifaya mbili! Jaydeep bado hajaondoka. Nimemtumia SMS ajiandae. Hajajibu, lakini atajibu.

Kuku sitawataja tena, mimi si mjinga. Nitasema niliiba punda. Mji ule umejaa punda wa kubeba maji. Nani atakumbuka mmoja aliyepotea?