Muuza Siri za Fataki

Royce Tillotson hakuwahi kumiliki bunduki, lakini sura ya mtu mwenye shida aliijua hata gizani. Jumanne ile asubuhi aliziona sura thelathini kwa mpigo, zimepanga foleni kwenye barafu mbele ya duka la Gundersen, mjini Sorrel Creek, Montana. Kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na hakuna anayemtazama mwenzake.

"Wanagawa dhahabu humu, mzee?"

"Fataki," akanong'ona mzee mmoja, kama anayetaja ugonjwa wa aibu.

Fataki ni kile kifuniko cha shaba, kidogo kuliko punje ya mbaazi, kinachokaa kitakoni mwa risasi na kuiwasha baruti. Anayejijazia risasi nyumbani anaweza kuyatumia maganda yaleyale mara kumi, lakini bila fataki ana mapambo tu. Na mwaka ule fataki zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Royce akajipenyeza kwenye foleni, akapata kisanduku kimoja cha fataki mia, cha mwisho kabisa. Wakati anatoka akagundua jambo: watu wale wakipata fataki hawamwambii hata shemeji yao wamezipata wapi. Penye siri nyingi namna hiyo, mwenye akili hufungua biashara.

Alianza na Arvid Stromme, fundi wa mabomba. Akamwonyesha kisanduku haraka, kama mtu anayeonyesha kitambulisho cha polisi.

"Binamu yangu ndiye dereva wa lori la mzigo. Dola arobaini, nakuambia kesho linashusha wapi. Lakini mzee wangu, usimwambie mtu!"

"Nimwambie nani? Mimi mjinga?"

Arvid akaendesha maili sabini mpaka mji wa Harlan Gap, akakuta rafu tupu.

"Ulifika saa ngapi?" Royce akamuuliza.

"Saa tatu kasoro."

"Ah! Saa mbili na nusu zilikuwepo, naapa!"

Arvid akamlaumu mkewe aliyemchelewesha kwa mayai. Mchungaji Nygaard, mteja wa pili, aliyeelekezwa na Royce mji mwingine, akamlaumu shetani. Royce hakulaumiwa na yeyote. Ndio uzuri wa kuuza kitu kisichopatikana: mteja akikikosa, kosa ni la miguu yake.

Wa tatu alikuwa Bibi Verna Haugland, mjane wa miaka sabini na miwili, aliyepikia watoto wa shule maisha yake yote. Miaka tisa alikuwa akishiriki bahati nasibu ya kibali cha kuwinda dume la elki, yule kulungu wa milimani mwenye kimo cha farasi. Mwaka huu jina lake likatoka. Msimu unafunguliwa Jumamosi. Bunduki ni ya marehemu mumewe, Halvor, ya ukubwa ambao viwanda viliacha kuutengenezea risasi zamani. Lazima ujaze mwenyewe. Maganda anayo, baruti anayo, fataki hana hata moja. Akizikosa, miaka tisa imeenda na maji, na friji ya nyama inabaki tupu majira yote ya baridi.

Naye alionyeshwa kisanduku, akatoa arobaini, akaenda mji wa Two Pines, akakuta rafu tupu. Lakini mpishi wa shule hana aibu ya kuuliza.

"Mwanangu, lori limepita saa ngapi?"

"Lori gani, bibi?" akacheka binti wa dukani. "Halijaja tangu Agosti. Utazeeka ukilingoja."

"Nimeshazeeka. Ndiyo maana nina haraka."

Hakumwita polisi. Alirudi nyumbani, akaoka pai.

Alhamisi Royce alikuja kumpa pole kwa kuchelewa. Akakaribishwa jikoni, akakatiwa pande la pai lililojaa sahani.

"Miguu hii, mwanangu," Bibi Verna akaguna. "Uwindaji nimeuacha. Navitoa vitu vya marehemu." Akaweka mezani kopo moja la baruti, akaliacha jingine kabatini. "Hii Gundersen hajaiona mwaka wa pili. Mchungaji angeuza kengele ya kanisa aipate."

Royce akaacha kutafuna. "Unataka ngapi, bibi?"

"Nirudishie arobaini yangu, iwe ya mafuta ya gari. Na hicho kisanduku chako, nikiweke karibu na picha ya Halvor. Alivipenda vya namna hiyo."

"Bibi, unaninyonga!" akasema Royce, huku mkono umeshaingia mfukoni. Akalitikisa kopo. "Mbona limepungua?"

"Halvor alitumia robo tu."

Sasa, kwa wanaojijazia risasi hakuna anayepokea kopo la baruti lililofunguliwa, hata kama limetoka kwa mama yake mzazi. Nani ajuaye kilichomiminwa humo? Baruti isiyo sahihi hupasua bunduki na kuondoka na nusu ya uso. Kopo la namna hiyo mwisho wake ni bustanini, likastawishe maua. Kuhusu kopo, Bibi Verna hakusema uongo hata neno moja. Hakuulizwa tu.

Ijumaa asubuhi Royce alipanda juu ya bodi ya gari lake mbele ya foleni. "Nani ana dola mia mbili?"

Arvid akafika wa kwanza. Akakizungusha kifuniko.

"Limefunguliwa."

"Robo tu, mzee wangu!"

"Royce, wewe umewahi kujaza risasi hata moja?"

"Maelfu!"

"Ukianza, unaanza na nini?"

Royce akafikiri. "Unaanza... na moyo safi."

Kikazuka kicheko cha kumwaga kahawa. Kisha likatokea jambo lisilowahi kutokea kwenye foleni ile: mtu alimuuliza mwenzake ukweli.

"Arvid," akasema mchungaji, "huyu alikutuma wapi?"

"Harlan Gap. Nilichelewa kidogo."

"Mimi alinituma Cutler. Nami nilichelewa kidogo."

Wakatazamana. Mchungaji akavua kofia na kuipitisha kama ya sadaka, ila ilisimama mbele ya mtu mmoja tu, na ikakaa hapo mpaka mifuko yake yote ikageuzwa nje. Saa tatu gari la Royce lilikuwa linalitafuta jimbo jirani la Idaho.

Jumamosi, mlimani, ulisikika mlio mmoja tu wa bunduki. Jioni dume la elki lilikuwa linaning'inia kwenye banda la gari la Bibi Verna. Arvid akaja, akalizunguka mara mbili kofia mkononi, kisha akamfuata mwenyeji jikoni.

"Verna."

"Naam."

"Mimi na wewe ni majirani miaka thelathini. Fataki umezipata wapi?"

Bibi Verna akageuza ini kwenye kikaango, akaongeza kitunguu, akampa uma.

"Kula, Arvid, lisije likapoa."