Ndugu wa Forbasi

Kabla hakujapambazuka, jiwe la kusagia lilianza kukwaruza, taratibu, kama jiwe la mtu asiyetaka kumwamsha mgeni. Similo, ambaye ndiye mgeni, alifumbua jicho moja. Ilikuwa siku ya tatu amelala kwa Mirto, mjane wa Panopeo, mji mdogo kando ya njia iendayo Delfi, kwenye hekalu la mungu Apolo, na bibi huyo hakuwa amemuuliza hata jina la baba yake. Alikuwa amempa blanketi zito, yeye akajifunika la matundu. Similo aliliona hilo, ila hakuwa na desturi ya kuguswa na mambo kama hayo kabla ya kula.

Mirto alichota maziwa kikombe kimoja, akatoka. Similo akamfuata mpaka katikati ya shamba la shayiri, shamba pekee alilokuwa nalo bibi huyo duniani. Palikuwa na kaburi la kale, na juu ya jiwe lake neno moja tu: Forbasi.

"Huyu ni nani, bibi?"

"Shujaa wa zamani, mwanangu."

"Shujaa gani? Kina Forbasi ni wengi. Yuko aliyewafukuza nyoka wa Rodo. Yuko wa Troya, mwenye kondoo wasiohesabika. Yuko aliyefundisha wafalme mieleka."

"Jiwe halikusema," alijibu Mirto, akimimina maziwa juu ya udongo. "Kunywa, baba."

Wapo watu wasiopata usingizi wakimwona mtoto yatima. Similo alikosa usingizi akiona babu yatima.

Mjini, Pamfilo muuza mafuta ya zeituni alikuwa na kila kitu isipokuwa babu. Kwenye karamu, wenye mababu mashujaa walikaa mbele wakapewa paja la ng'ombe. Yeye alikaa karibu na mlango akapewa mbavu. Asubuhi hiyo Similo aliingia dukani mwake, akamtazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Unaumwa macho?" aliuliza Pamfilo.

"Nisamehe, bwana. Ni hiyo pua. Mara ya mwisho niliiona kwa marehemu babu yangu, kule Rodo."

Pamfilo akaishika pua yake kwa heshima ambayo hakuwahi kuipa.

Kufikia adhuhuri alikuwa mjukuu halali wa Forbasi mfukuza nyoka, na Similo alikuwa ndugu yake wa damu. Ndugu wa damu hatoki mikono mitupu. Mbele ya duka zima Pamfilo akamkabidhi nyumbu mweupe.

"Lakini haya si malipo," alisema Similo kwa sauti ya msibani.

"Malipo gani? Ni undugu. Na shamba lile sasa ni letu."

"Shamba gani?"

"Lenye babu. Babu yetu alale ndani ya shayiri ya mjane? Kesho nachinja ng'ombe pale, mahujaji wote waone. Kisha nazungusha ukuta."

Similo hakuwa amelifikiria hilo. Lakini nyumbu ni nyumbu.

Aliporudi jioni, habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mirto alimpakulia supu ya dengu, akampa bakuli kubwa.

"Bibi, ya shamba si mimi niliyeyasema."

"Najua. Wewe umesema ya pua tu. Kula, itapoa. Kwa hiyo wewe na Pamfilo ni ndugu?"

"Ndugu kabisa."

"Utayasema hayo kesho mbele ya watu?"

"Hata mbele ya Zeus."

"Vizuri, mwanangu," alisema Mirto, akamwongezea supu. Similo hakuimaliza.

Kesho yake mahujaji walijaa, maana harufu ya nyama huita kuliko tarumbeta. Pamfilo alijitangaza mjukuu wa Forbasi. Similo, kamba ya nyumbu mkono mmoja, aliweka wa pili juu ya jiwe akaapa kwamba yeye pia ni wa damu hiyo. Ndipo Mirto akaja na kikombe chake.

"Miaka arobaini nawangoja," alisema. "Nilidhani nitakufa sijawaona. Wageni, sogeeni. Hawa ndio wajukuu wa Forbasi."

"Mfukuza nyoka," alikazia Pamfilo.

"Nyoka wapi, mwanangu? Hapa ni Panopeo. Huyu ni Forbasi wa barabarani, aliyewalazimisha mahujaji wa Delfi kupigana naye ngumi. Kila aliyeshindwa, kichwa chake kilitundikwa mtini, mpaka Apolo mwenyewe akaja kumkomesha."

Hakuna anayekwenda Delfi asiyeijua habari ya Forbasi huyo.

"Na kisasi kiko kwenye damu," aliendelea bibi kwa upole. "Kila hujaji anayepita ana haki ya kumpiga mjukuu ngumi moja. Wazee wetu hawakuwa wakali."

Mhunzi mmoja wa Aigina, mwenye mikono kama mihimili, akavua joho akampa mkewe amshikie. "Moja tu, bibi?"

"Moja tu, baba. Kila unapopita."

Nyuma yake foleni ikaanza. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliuliza kama teke linaruhusiwa, maana mkono wake unamsumbua.

Pamfilo aliitazama foleni ilivyofika hadi barabarani. "Pua hii ni ya mama yangu," alisema, "na mama alikuwa mtu wa Tebe. Naapa kwa Zeus, sina tone la damu hiyo. Ndugu wa Forbasi ni huyu. Na nyumbu nilimpa kwa undugu huo."

Macho yote yakahamia kwenye kamba. Akiishika, Similo ni mjukuu wa Forbasi. Akiiachia, ni mwongo tu, na uongo haukuwahi kumvunja taya. Akaiachia.

"Mimi ni mtoto wa mfinyanzi wa Megara," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwezi ule.

"Basi nyumbu ni wa nani?" aliuliza mhunzi, kwa masikitiko ya mtu aliyenyang'anywa ngumi yake.

"Kwangu harudi," alisema Pamfilo. "Wala shamba silitaki tena."

"Basi ni wa kaburi," aliamua mhunzi, na wote wakakubali. Na vitu vya kaburi hukaa kwa anayelitunza. Mirto akaipokea kamba, akamkuna nyumbu shingoni.

Similo alipofunga kifurushi chake, bibi alimtilia mikate ya shayiri na kipande cha jibini.

"Bibi, niambie kweli. Ni Forbasi yupi?"

"Sijui. Niliolewa nikamkuta hapo. Sikuona mtu anayemjali, nikawa nampa maziwa."

"Na ile haki ya ngumi?"

"Niliitunga jana, wewe ukikoroma."

Similo alicheka mpaka akakaa chini. Mirto alingoja amalize, kisha akamwinua kwa mkono na kumsindikiza hadi barabarani.

"Usipotee, mwanangu," alisema. "Zeituni zikikomaa, uje tena unitembelee. Teofanto, yule muuza sufu wa mjini, naye hana babu."