Punda wa Sista Leonida

Mimi sipendi kelele kabla ya chai, na Damalie mwenye kibanda anajua hivyo. Lakini asubuhi ile kikombe hata hakijafika mkononi, Spika akaingia akipunga karatasi juu kama ameshinda ubunge.

"Wananchi! Mimi nakuja na habari kubwa! Mradi inatupa pikipiki ya miguu mine!"

"Ya miguu minne ni kitanda," Gia Tano wa bodaboda akamjibu, mdomo umejaa chapati na maharage.

Huyu Spika jina lake ni Oguttu, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya kule Lumino. Hatukumwita Spika kwa sababu ya cheo. Ni koo. Akikunong'onezea siri hapa Busia ya Uganda, wa Busia ya Kenya wanaitikia.

"Kwadi, wewe mjinga! Pikipiki ya magurudumu manne, ya kupita kwa matope. Ya Sista Leonida."

Hapo tukamsogelea. Leonida ni mkunga. Kila wiki anapeleka chanjo vijiji vya vinamasini, sanduku la barafu amelifunga nyuma ya baiskeli. Masika iliyopita alianguka nalo kwenye maji, chanjo zote zikaharibika, akarudi analia njia nzima. Simsingizii, mimi ndiye mziba pancha niliyemtengenezea tairi siku hiyo, na nilishindwa kumwangalia usoni.

Spika akaitandaza karatasi mezani. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Picha mbili nyeusi ti, na maandishi chini yake yamegeuka masizi matupu.

"Kamati lazima ichague moja," akasema. "Madam wa mradi anapiga simu leo."

"Na kamati iko wapi?" nikamuuliza.

"Ni mimi. Wengine nakwenda kuwajulisha."

Tukainamia zile picha. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, pua juu, kiti cha mtu mmoja, nyuma hakuna hata pa kufungia kuku. Ya pili nene, ina vyuma vya mzigo mbele na nyuma, na ndoano ya kuvuta trela. Damalie akazibatiza palepale bila padri.

"Hii ni Sungura. Hii ni Punda."

"Sungura!" Gia Tano akapiga meza, chai yangu ikamwagika. Geoffrey huyu ni mtu wa boda, na hajawahi kujua kwamba pikipiki ina gia nyingine chini ya ile ya tano. "Hiyo mashine inaruka! Shimo halioni! Mtoto anazaliwa huko, wewe unataka mkunga afike na Punda? Atakuta mtoto ameshaanza shule!"

"Na akifika na Sungura bila sanduku, afanye nini? Apige makofi?"

Huyo alikuwa Kamusi. Mike kwa jina la nyumbani, wakala wa forodha, Mkenya anayevuka kila asubuhi kunywa chai yetu na kutuambia ya kwao ni tamu zaidi. Tunamwita Kamusi kwa sababu barua yoyote ya Kizungu hapa lazima ipitie kwake.

"Nimeziona hizo Naivasha," akaendelea. "Sungura ni ya watalii, buda. Ni ya kurusha vumbi na kupigwa picha. Gia unabadilisha kwa mguu, klachi mkononi, ukizubaa imekutupa. Punda unatia gia moja tu, unakwenda. Matope yakizidi, magurudumu yote manne yanavuta. Ina rivasi. Inabeba sanduku, inabeba mafuta, na trela inabeba mgonjwa."

"Lakini pole pole kama harusi!"

"Gia Tano, wewe mwaka huu umeanguka mara ngapi?"

"Kuanguka ni kuanguka. Mara tatu. Ile ya nne ilikuwa ng'ombe ya watu."

"Na mama mwenye mimba je," Damalie akadakia, mwiko mkononi, "naye aruke na Sungura yako? Azalie hewani? Banange, wanaume!"

Spika muda wote alikuwa ameikazia macho ile picha ya Sungura, ameinamisha kichwa upande, anatabasamu peke yake. Mimi nikamjua.

"Spika, wewe unajiona juu yake."

"Hapana! Mimi nafikiria tu siku ya kuzindua. Mgeni wa heshima yuko, kwaya iko, halafu mwenyekiti anaingia. Sasa mwenyekiti anaingiaje na Punda?"

"Kwa hiyo watoto wa vinamasini wakose chanjo ili wewe uingie vizuri?"

"Sikusema hivyo, Pancha. Unanipaka matope bure."

Kweli nilikuwa nimekasirika. Kamati za huku kwetu zote ni hivyo, kitu hakijafika, kofia ya kuzindulia imeshanunuliwa.

Ndipo Sista Leonida mwenyewe akatokea, anasukuma baiskeli yenye tairi bapa, sanduku la barafu nyuma. Alikuwa ametoka kuchukua chanjo. Hakuketi. Alizitazama zile picha, akaweka kidole juu ya Punda.

"Hii," akasema. "Bambi, Mwenyekiti, nipe hii. Mimi sikimbizani na mtu. Nataka sanduku ifike haijavunjika, na mimi nifike sijavunjika. Msimu uliopita nilimwaga dawa ya watoto arobaini. Wamama walikuwa wamekaa wananingoja. Niliwaambia nini? Niliwaambia rudini nyumbani."

Gia Tano akaiweka chapati yake chini.

"Punda," akasema kwa shida. "Sawa. Punda."

"Punda," akasema Damalie.

Spika akaiangalia Sungura mara ya mwisho, akaikunja karatasi. "Kale, basi. Kamati imeamua kwa kauli moja. Punda!" Malori barabarani yakatikisika.

Nikaanza kulifungua tairi la Sista. Kamusi akaitwa kwenye geti la mpakani, lori la mteja wake lilikuwa limezuiwa, akaondoka mbio. Hajafika mbali, simu ya Spika ikalia. Akaweka spika ya simu, kana kwamba aliihitaji.

"Mwenyekiti, ni Resty wa mradi," sauti ya madam ikasema haraka haraka, Kiingereza kinasukumana na Kiswahili. "Nafunga oda sasa hivi. Nipe jibu moja tu. Mnataka spoti ama yutiliti?"

Spika akasimama wima, akafunga kifungo cha koti.

"Sapoti, madam! Sisi tunataka sapoti!"

"Spoti? Una hakika? Nilidhani mngechukua yutiliti."

"Hapana, madam, yutiliti tutajilipia wenyewe! Umeme tuko na sola, na maji tunachota kwa kisima! Nyinyi leteni sapoti tu!"

"Haya, Mwenyekiti. Ni chaguo lenu. Spoti inatoka leo, na haibadilishwi."

"Asante, madam! Mungu aongeze sapoti!"

Tukapiga makofi. Nakiri, hata mimi nilipiga, mikono yote gundi. Kiongozi anayekataa kulipiwa bili mbele za watu! Gia Tano akamwagizia chai nyingine.

"Na Punda?" Leonida akauliza. "Hukumwambia Punda."

"Hajauliza bado, Sista. Atauliza kesho. Na utamwambiaje madam mzima habari ya punda?"

Kamusi akarudi anafuta jasho. "Amepiga? Alisemaje?"

"Ameuliza kama tunataka sapoti ama yutiliti," Spika akasema, kifua mbele. "Nikamwambia sapoti! Yutiliti tutajilipia!"

Kamusi akakaa chini polepole. Akaivuta ile fotokopi, akaiinua kwenye jua, akakodolea yale masizi mpaka machozi yakamtoka.

"Spika," akasema. "Spoti ndiyo Sungura."

"Eeh?"

"Spoti, msee. Ya michezo. Na yutiliti si bili ya umeme. Yutiliti ya hawa watu ni mashine ya kazi. Yutiliti ndiyo Punda. Umemkataa Punda kwa mdomo wako."

Spika akapiga simu tena. Haipokelewi. Akapiga tena. Ujumbe ukaingia, Kamusi akausoma: oda imetoka, hongera kwa kamati.

"Basi uzinduzi utapendeza," nikasema, nikikaza tairi la Sista lililokwisha kuzibwa. Nilitaka kumuuma, na sijutii.

Leonida alikuwa ameshika usukani wa baiskeli, macho yamejaa. Halafu akajifuta kwa kanga, akafungua kamba, akalishusha lile sanduku la barafu, akalitua mbele ya miguu ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti, wewe ni mtu wa sapoti?"

"Ndiyo, Sista, lakini..."

"Weka kichwani."

Damalie akamkunjia kitambaa cha kata. Gia Tano na Kamusi wakamtwisha, shingo ikazama kwenye kola ya koti.

"Mpaka wapi, Sista?" akauliza, na tangu nimjue Oguttu, siku hiyo ndiyo ya kwanza tulilazimika kuinama ili tumsikie.

"Lumino," akasema Leonida, akatangulia na baiskeli yake.