Gari la Kila Siku

Bwana Mizani alimwona yule mama kabla mama hajamwona yeye, na katika kazi yake, hiyo ilikuwa nusu ya ushindi. Mama alikuwa kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni, akipita kwenye magari madogo ya watu moja baada ya jingine. Hakutazama rangi wala taa. Aliinama kwenye kioo cha nyuma, akapima buti kwa macho, akaguna, akaenda kwa linalofuata. Mtu anayetazama magari ya wenzake namna ile ama ni mwizi ama ana pesa za kununua, na huyu hakuonekana mwizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani kwa kukusumbua. Unatafuta gari la matembezi au gari la kila siku?"

Mama akashusha miwani hadi puani. "Kwani tofauti yake nini?"

Bwana Mizani alilipenda swali hilo kuliko wengine wanavyopenda mshahara. Alieleza kwa upole kwamba gari la matembezi ni la kuonwa na watu, lakini la kila siku ni la sokoni, kazini, mvuani na kwenye foleni, na ndilo linalotaka akili. Akaweka mkono kifuani. "Mimi siuzi magari, mama. Wauzaji wana midomo. Mimi nalinganisha tu. Ninayo mawili madogo, utayajaribu yote, na moyo wako ndio utakaoamua."

"Basi twende tukayaone," akasema mama, mwepesi kama aliyekuwa akimngoja yeye.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bwana Mizani aliwaheshimu wahenga, ila aliona hapo walisinzia kidogo. Kibaya kikisimamishwa kando ya kinachoonekana kibaya zaidi, nacho hujiuza. Ndiyo maana alikuwa na magari mawili. La kwanza, jeupe, lilikuwa lake mwenyewe, alilinunua kwa mtu aliyekuwa akilikimbia. Gia zake zilikuwa zimekwisha, ila alizitia oili nzito kama uji, zikanyamaza. Zilinyamaza mpaka zilipopata moto, kwa hiyo majaribio yake hayakuwahi kuvuka mtaa wa pili.

La pili, la buluu, lilikuwa zima kabisa, na halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi, amelinunua kwa zamu za usiku za miaka mingi, na wiki hiyo alikuwa safarini kwenye mafunzo, arudi Jumamosi. Alipoondoka alimwachia ufunguo na maneno machache. "Nikirudi nilikute lilivyo. Likipungua hata kioo, mume wangu, na wewe utapungua humu ndani." Naye alikuwa mwanamke asiyetishia bure, na Bwana Mizani alimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja.

Hakuwa na nia ya kuliuza, Mungu apishe mbali. Alilidondoshea nati chache ndani ya mlango ili likienda lilie, akalipunguza upepo kwenye magurudumu ili liwe zito, kisha akalitajia bei ya aibu. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuligusa. Watu wa mjini wanaogopa cha bei rahisi kuliko wanavyoogopa moto.

Siku hiyo, Jumatatu, alimzungusha mama kwenye la buluu kwanza. Mlango ukalia njia nzima.

"Sikia mwenyewe, mama. Gari lina kikohozi hili. Ni langu, lakini siwezi kulisifia, nitaulizwa na Mungu."

Kisha jeupe. Likateleza kimya hadi mwisho wa mtaa na kurudi.

"Na bei?"

Akaitaja bei ya jeupe, bei ya kutosha mtu kujenga msingi wa nyumba. "Na lile la buluu, robo yake. Naona haya hata kulitaja."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Mkoba wake ulikuwa umevimba, na Bwana Mizani aliutazama kwa mapenzi. "Umenifaa, mwanangu. Ila umesema gari la kila siku, nasi tumejaribu Jumatatu tu. Jumanne yangu haifanani na Jumatatu. Kila siku ni kila siku."

Alitaka kucheka. Akautazama tena mkoba, akakumbuka kwamba mvumilivu hula mbivu. "Haki yako, mama," akasema.

Jumanne mama alikuwa na vyerehani vya kupeleka. Aligawa mzigo sawa kwa sawa, kwa kuwa kulinganisha ni haki. Yeye akaendesha la buluu, Bwana Mizani akamfuata na jeupe, kutoka nyumba yake ya bondeni hadi nyumba moja iliyoko juu ya kilima. Njiani mama akaingia kituo cha mafuta, akajaza upepo magurudumu ya la buluu bila kumuuliza mtu. Mafuta ya magari yote mawili akamwachia mlinganishi alipe, maana magari ni yake. Mtu mmoja pale kituoni akaliulizia la buluu, na mlinganishi akamjibu kwamba ni lake na bei yake ni robo ya jeupe.

Jumatano yalikuja magodoro.

"Kila Jumatano unabeba magodoro, mama?"

"Mwanangu, maisha ya fundi cherehani huyajui."

Alhamisi ikawa zamu ya kabati, masufuria na jiko. Bwana Mizani alibeba kabati kwa mgongo uliozoea kubeba maneno tu. Jeupe lilipanda kilima likitoa moshi, gia zikisaga kama mtu mwenye jino bovu, naye akapandisha redio ili mama asisikie. Mama alikuwa mbele, kwenye la buluu, akipanda kilima kwa raha zake na kiti kichwani mwa gari.

"Lako linatoa moshi," akasema walipofika.

"Linapasha misuli."

"Aa."

Angekuwa mtu mwingine ndiye anayefanyiwa hivyo, Bwana Mizani angeng'amua tangu vyerehani. Lakini mvuvi akitazama chambo hamwoni mamba, na Ijumaa alipofika juu ya kilima na mzigo wa mwisho, mapazia na saa ya ukutani, ndipo alipoingia sebuleni kwa mara ya kwanza, maana siku zote mzigo aliushushia barazani. Makochi yalikuwa yamepangwa. Vyerehani vilikuwa dirishani. Majirani wapya walikuwa wamejaa, wakimpongeza mama kwa makao mapya na kunywa chai katika vikombe alivyovibeba yeye mwenyewe.

"Mama," akasema, "wewe umehama!"

"Nimehama, mwanangu. Kidogo kidogo, kila siku."

Nje, jeupe, aliloliacha likinguruma, likapasuka kitu tumboni, likamwaga oili yote getini na kunyamaza. Safari hii lilinyamaza kweli.

"Na sasa nimeamua," mama akaendelea, akisimama mbele ya majirani kama anayefunga mkutano. "Jeupe ni zuri mno kwangu. Mimi mnyonge nachukua la buluu, kwa bei uliyoitaja." Akafungua mkoba uliovimba, akatoa vitambaa, vitambaa, vitambaa, na chini kabisa pesa kidogo, akamtia mkononi. Ufunguo ulikuwa kwake tangu Jumanne.

"La buluu haliuzwi, mama!"

"Haliuzwi? Wiki nzima umelitangaza."

"Nilikusikia mwenyewe pale kituo cha mafuta," akasema jirani mmoja mwenye kifua kipana. "Ulisema ni lako na bei yake ni robo."

"Au si lako?" akauliza mama, kwa upole uliomtisha kuliko kelele. "Maana kuuza gari lisilo lako, hapo tena tunazungumza na polisi."

Bwana Mizani akawatazama majirani mmoja mmoja. "Ni langu," akasema.

Usiku huo hakulala. Aliogopa, si utani, maana aliiona sura ya mkewe akiuliza swali moja tu, gari liko wapi, na hakuwa na uongo wa kulijibu. Asubuhi ya Jumamosi akauza jeupe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akachimbua akiba yote ya ujanja wake wa miaka, akapanda kilima kwa miguu.

Mama alikuwa barazani akishona.

"Shikamoo mama. Nimekuja kulinunua la buluu."

"Marahaba. Lile lenye kikohozi?"

"Hilo hilo. Bovu lile, mama, litakusumbua. Nataka kukuondolea balaa."

"Bovu kiasi hicho, unalitakia nini?"

Bwana Mizani akatafakari. Akilitukana, mama angeshangaa. Akilisifu, bei ingepanda. Akajaribu katikati. "Nimelizoea tu."

"Hata mimi nimelizoea," akasema mama. "Limepanda kilima hiki wiki nzima na magodoro. Gari la kila siku hasa. Tena nimetoa nati mlangoni, sasa halilii." Akataja bei. Ilikuwa ile ile ya jeupe, bei ya msingi wa nyumba.

"Mama! Jana umelichukua kwa robo!"

"Jana lilikuwa halijalinganishwa." Akakata uzi kwa meno. "Na viatu vya mkeo vilivyokuwa chini ya kiti nimevifunga kwenye mfuko. Hivyo sikutozi."

Akalipa yote. Alipokuwa akiwasha gari mama akampungia mkono, akamwambia wapo wateja wake wengi wanaotafuta magari, akitaka kuwalinganishia watalipana vizuri. Bwana Mizani akatia gia. Wapo wanaosema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, lakini yule mama hakuwa mjinga hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni mkewe alishuka kituo cha mabasi na begi lake, mumewe akimngoja hapo na la buluu. Alilizunguka gari polepole, akapapasa boneti, akafungua milango yote na kuifunga. Halafu akatabasamu, jambo ambalo mumewe hakulitarajia.

"Kumbe unaweza kutunza kitu," akasema, akikaa kwenye usukani na kusogeza kiti mbele. "Ukiendelea hivi, mume wangu, ipo siku na wewe utanunua gari."

"Mungu akijalia," akasema Bwana Mizani, akafunga mkanda.