Figo za Mikidadi na Moyo Wangu

Jumatatu, 6 Juni 1994
Mikidadi mwenye duka amenidharau mbele ya wateja. Sote wawili tuna ugonjwa wa sukari. Amesema vidonge vyangu, anavyoniletea mchuuzi Enoki kutoka Karonga ng'ambo ya mpaka, vitaniharibia moyo na kumaliza figo. Vyake, vya duka jipya la dawa, eti vinalinda vyote viwili. Mtu wa Pangani anifundishe mimi! Siku hizi biashara ruksa, basi na mashindano ruksa. Tutalinganisha wiki nzima, yeye na vyake, mimi na vyangu. Amekubali. Atajuta.

Jumanne, 7 Juni
Nesi wa zahanati angetupima mara moja tukajua. Lakini nesi ni Tusekile, mke wa mwanangu. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawaangaliani, sembuse kushikana mkono kwa ajili ya presha. Akiniona njiani huingia migombani mpaka nipite. Leo aniambie nikojoe kwenye chupa? Bora nife na heshima yangu. Tutajipima wenyewe.

Jumatano, 8 Juni
Kipimo cha figo. Mikidadi anasema figo zikichoka miguu huvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kwake halikubaki. Kwangu limebaki, tena la kutosha kupanda mbegu ya kokoa. Nimemwambia ni mbu. Jioni nimenunua mabuti ya mpira. Sokoni wameniuliza kama natarajia mafuriko. Wacheke tu.

Ijumaa, 10 Juni
Kipimo cha moyo. Baiskeli kutoka mjini hadi Katumba Songwe, kila mmoja na debe la mchele nyuma. Niliongoza! Kisha pumzi ikakata, nikalala kidogo pembeni mwa jaruba la mtu. Kupumzika tu. Mikidadi akatelekeza debe lake, akanipakia, akanisukuma hadi zahanati huku akinilaani kwa Kiswahili cha pwani. Kwa hiyo hakumaliza mashindano. Ushindi wangu.

Tusekile alijifunika kanga usoni, akaelekea ukutani, akazungumza na Mikidadi. Amwambie baba kwamba dawa hazishindanishwi kwa baiskeli. Kwamba moyo na figo hujulikana kwa kupima presha na mkojo, na baba arudi Jumatatu bila kukosa, maana miguu ile inamtia hofu. Tangu aolewe sijawahi kuisikia sauti yake kwa karibu hivyo. Niliona uchungu, sijui kwa nini. Nikamwambia Mikidadi aseme ndaga, amshukuru kwa niaba yangu.

Jumatatu, 13 Juni
Sikwenda. Nimemtuma Mikidadi akapimwe badala yangu. Ugonjwa wetu ni mmoja, na Ijumaa tulipanda baiskeli moja. Aliniita mwendawazimu, kisha akaenda. Amerudi na habari njema: presha nzuri, mkojo safi. Nilijua tangu mwanzo kwamba vidonge vya Karonga havina mpinzani.

Ila Tusekile amekataa kuyapokea hayo kuwa majibu yangu. Amesema kama baba haji, yeye atakuja kesho asubuhi na vipimo vyake, mila itamsamehe. Atanishika mkono, na kanga ataivua ikibidi. Mikidadi anasema alikuwa analia.

Aje. Kesho ni zamu yangu kuingia migombani. Mabuti hayaingii tena miguuni, nitakwenda pekupeku.